Cuthbert Dukes

Cuthbert Esquire Dukes (24 Julai 1890 – 3 Februari 1977) alikuwa daktari wa Uingereza aliyebobea katika patholojia, yaani elimu ya kutambua ugonjwa kwa kuchunguza viungo na tishu zilizoathiriwa. Anajulikana hasa kwa uainishaji wa saratani ya rektamu alioutoa mwaka 1932, ambao ulienea duniani kote kwa jina lake. Alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 30 katika Hospitali ya St Mark's jijini London.

Dukes hakugundua dawa wala hakubuni upasuaji mpya. Alichofanya ni kuonyesha, kwa vipimo na hesabu, mambo mawili ambayo kabla yake yalikuwa yakibishaniwa. La kwanza ni kwamba saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza katika kinyama kidogo kisicho na madhara. La pili ni kwamba uhai wa mgonjwa hutegemea sana umbali ambao saratani imefika siku inapoondolewa mwilini. Upimaji wa watu wasio na dalili yoyote, unaofanywa sasa katika nchi nyingi ili kugundua saratani hiyo mapema, umejengwa juu ya mambo hayo mawili.

Familia na elimu

Dukes alizaliwa katika mji wa Bridgwater, jimbo la Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, Edwin Joshua Dukes, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Congregational na aliwahi kuwa mmisionari nchini China. Watoto wa nyumba hiyo walishika njia tofauti kabisa. Kaka yake Ashley aliandika tamthilia. Kaka mwingine, Paul, alikuwa jasusi wa Uingereza nchini Urusi baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, akajulikana kwa kubadili sura na mavazi, na mwaka 1920 akapewa cheo cha heshima na mfalme. Kwa watu wa kawaida wa Uingereza jina la Dukes lilimaanisha jasusi huyo. Kwa madaktari limekuja kumaanisha mdogo wake.

Cuthbert alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti, akahitimu mwaka 1912 na kupata shahada ya juu ya udaktari mwaka 1914. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumika kama daktari wa jeshi na akatunukiwa nishani ya OBE. Baadaye alikuwa mfuasi wa dhehebu la Quaker, ambalo waumini wake wanajulikana kwa kupinga vita. Mke wake, Ethel, naye alikuwa daktari, na alijishughulisha na afya ya akili ya watoto.

Baada ya vita alifundisha bakteriolojia katika University College, London. Hiyo ndiyo iliyokuwa fani yake ya mwanzo, na mwaka 1925 alitoa kitabu kuhusu bakteria katika vyakula. Huenda angebaki huko kama asingepata nafasi katika hospitali moja ndogo.

Hospitali ya St Mark's

Hospitali ya St Mark's ilianzishwa mwaka 1835 na mpasuaji Frederick Salmon, ikiwa na vitanda saba tu, kwa ajili ya maskini wenye maradhi ya njia ya haja kubwa. Salmon huyohuyo ndiye aliyempasua mwandishi Charles Dickens mwaka 1841. Mwaka 1854 hospitali ilihamia barabara ya City Road na kupata jina la Mtakatifu Marko, kwa kuwa ilifunguliwa siku ya sikukuu yake. Maradhi yenyewe ni ya aina ambayo watu huona haya kuyataja. Wagonjwa walivumilia damu na maumivu kwa miezi mingi kabla ya kumwambia mtu, na wengi walijitibu wakidhani ni bawasiri tu. Ucheleweshaji huo unaeleza mengi katika takwimu ambazo Dukes alizikusanya baadaye.

Mwaka 1922 Dukes aliajiriwa kuwa mwanapatholojia wa kwanza wa hospitali hiyo. Mpasuaji mashuhuri hapo alikuwa John Percy Lockhart-Mummery, mmoja wa watu wa kwanza nchini Uingereza kuhimiza matumizi ya sigmoidoskopi, bomba lenye taa linalomwezesha daktari kuona ndani ya rektamu na sehemu ya utumbo iliyo juu yake.

Wakati huo tiba pekee ya kuponya saratani ya rektamu ilikuwa kisu. Tangu mwaka 1908, mpasuaji Ernest Miles wa London alikuwa ameeleza upasuaji mkubwa wa kuondoa rektamu yote pamoja na tishu zinazoizunguka, mgonjwa akibaki na tundu la haja tumboni maisha yake yote. Baadhi waliopasuliwa walipona kabisa. Wengine walirudi baada ya mwaka mmoja au miwili, saratani ikiwa imejitokeza upya, nao wakafa. Hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika kwa nini wagonjwa wawili waliopasuliwa na mtu mmoja, kwa njia moja, walikuwa na mwisho tofauti.

Kazi ya maabara

Kila kipande cha utumbo kilichotoka chumba cha upasuaji kilipelekwa kwa Dukes. Kilipasuliwa kwa urefu, kikatandazwa kwenye ubao na kuchorwa kwa mkono. Kisha mafuta yaliyokizunguka yalichambuliwa polepole ili kutafuta tezi za limfu moja baada ya nyingine, nyingine zikiwa ndogo kuliko punje ya mtama. Kila tezi ilikatwa na kutazamwa kwa hadubini, na mahali pake pakatiwa alama kwenye mchoro. Hivyo kila mgonjwa alikuwa na ramani yake, iliyoonyesha uvimbe ulipokuwa, ulivyozama ndani ya ukuta wa utumbo, na ni tezi zipi zilizokuwa zimeshafikiwa na seli za saratani.

Ilikuwa kazi ya kuchosha, isiyo na sifa. Katika kazi hiyo Dukes alisaidiwa na H. J. R. Bussey, aliyeingia hospitalini akiwa kijana kama fundi wa maabara, bila shahada yoyote, akabaki hapo maisha yake yote ya kazi. Bussey ndiye aliyetunza kumbukumbu na kuwafuatilia wagonjwa kwa barua mwaka hadi mwaka ili kujua nani yuko hai na nani amekufa, na kwa sababu gani. Bila ufuatiliaji huo michoro ya Dukes ingebaki picha tu. Bussey alikuja kupata shahada ya uzamivu akiwa karibu na umri wa kustaafu.

Kutoka kinyama hadi saratani

Mwaka 1926 Dukes alichapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza kuhusu uhusiano kati ya vinyama vya utumbo mpana na saratani. Vinyama hivyo, ambavyo kitaalamu huitwa polipu, huota kwenye utando wa ndani wa utumbo, vingine vikiwa na shina kama uyoga. Aina inayohusika hapa ni adenoma, inayotokana na tezi ndogondogo za utando huo.

Alichogundua ni kwamba katika vipande vyenye saratani mara nyingi kulikuwa pia na adenoma kadhaa pembeni. Tena aliweza kuonyesha hatua zote za katikati: utando ulioanza tu kunenepa, adenoma ya kawaida, adenoma yenye sehemu ndogo iliyogeuka saratani, na saratani ambayo bado ina mabaki ya adenoma ukingoni. Mtu akipanga picha hizo kwa mfuatano anaona safari nzima.

Si wote waliokubali. Kwa miongo kadhaa wapo waliosema saratani huanza moja kwa moja katika utando mzima, na kwamba polipu ni jambo la pembeni. Ubishi huo haukuwa wa maneno matupu. Ikiwa saratani hutoka kwenye polipu, basi kuondoa polipu ni kuzuia saratani. Ikiwa haitoki huko, kuiondoa ni kumsumbua mgonjwa bure. Basil Morson, aliyerithi nafasi ya Dukes, aliendeleza utafiti huo, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa jenetiki nchini Marekani, wakiongozwa na Bert Vogelstein, walionyesha mabadiliko ya jeni yanayojilimbikiza hatua kwa hatua kutoka adenoma hadi saratani. Mfuatano ulikuwa uleule ambao Dukes aliuona kwa hadubini.

Uainishaji wa mwaka 1932

Wazo la kuwapanga wagonjwa kwa herufi A, B na C halikuanza na Dukes. Lockhart-Mummery alikuwa amewagawa wagonjwa wake hivyo miaka michache kabla, kwa kufuata alichokiona wakati wa kupasua. Lakini macho na vidole vya mpasuaji hudanganya, kwa kuwa tezi iliyovimba huenda haina saratani, na iliyo ndogo huenda inayo. Dukes aliuweka mpango huo juu ya ushahidi wa hadubini, akauchapisha mwaka 1932.

Ukuta wa rektamu una utando wa ndani, tabaka la chini yake na tabaka la msuli, na nje yake kuna mafuta yenye mishipa na tezi za limfu. Kundi A ni la saratani ambayo haijavuka ukuta huo. Kundi B ni la saratani iliyovuka ukuta na kuingia kwenye tishu za nje, lakini tezi za limfu bado ni safi. Kundi C ni la saratani iliyofika kwenye tezi, hata kama ni moja tu. Mwaka 1935 Dukes, pamoja na Bussey na mpasuaji William Gabriel, walieleza jinsi saratani inavyopanda kutoka tezi moja hadi nyingine, wakaligawa kundi C mara mbili. C1 ni pale tezi za karibu tu zimeathiriwa, na C2 ni pale athari imefika hadi tezi za juu kabisa, palipofungwa mshipa wa damu.

Kulikuwa na njia nyingine ya kupima hatari. Albert Broders wa Marekani alikuwa amependekeza kutazama sura ya seli zenyewe na kuzipa daraja kulingana na zilivyopoteza umbo la kawaida. Dukes hakuipuuza njia hiyo, na aliitumia sambamba na yake. Hata hivyo, daraja hilo linategemea sana jicho la mtazamaji, wakati kuvuka au kutovuka ukuta ni jambo ambalo watu wawili wanaweza kukubaliana. Hapo ndipo ulipo ubora wa mpango wake: ulikuwa rahisi kiasi kwamba hospitali ya mji wowote yenye hadubini iliweza kuutumia.

Matokeo yalikuwa wazi. Katika uchambuzi mkubwa ambao Dukes na Bussey walichapisha mwaka 1958, baada ya kuwafuatilia wagonjwa waliotoka salama kwenye upasuaji na kuweka pembeni vifo vya sababu nyingine, waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa karibu asilimia 98 katika kundi A, asilimia 78 katika kundi B, na asilimia 32 tu katika kundi C. Hospitali na tiba zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni muda ambao saratani ilipewa kuendelea kabla ya kuondolewa. Na kundi C, lenye matokeo mabaya kuliko yote, ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Wagonjwa wengi walifika wakiwa wamechelewa.

Hapa inafaa kutaja udhaifu mmoja. Kundi la mgonjwa linajulikana baada ya kupasuliwa, kwa hiyo uainishaji wenyewe haumsaidii daktari kugundua saratani. Unamwambia tu amechelewa kiasi gani. Kazi ya Dukes iliyomgusa mtu kabla hajaugua ilikuwa nyingine.

Rejista ya familia

Upo ugonjwa wa kurithi ambapo utumbo mpana huota polipu mamia, wakati mwingine maelfu, kuanzia umri wa balehe. Mzazi mwenye ugonjwa huo huweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Asipotibiwa, karibu kila mwenye nao hupata saratani, mara nyingi kabla ya kufika miaka 50. Mwaka 1925 Lockhart-Mummery alieleza habari za familia tatu za namna hiyo. Kuanzia mwaka uliotangulia, yeye, Dukes na Bussey walikuwa wameanza kuandikisha familia hizo katika rejista, wakichora nasaba zao na kuweka alama kwa kila aliyefariki kwa saratani ya utumbo.

Kwa Dukes familia hizi zilikuwa ushahidi mwingine kwamba polipu hutangulia saratani. Lakini rejista iligeuka kuwa kitu kikubwa kuliko ushahidi. Mgonjwa mmoja akija hospitalini anavuja damu, ndugu zake na watoto wake waliitwa wachunguzwe kwa sigmoidoskopi, ingawa walijiona wazima. Si jambo dogo kumwita kijana wa miaka 16 asiye na maumivu, ukamwambia kwamba utumbo wake utamuua asipopasuliwa. Awali, upasuaji wenyewe ulimaanisha kubaki na tundu tumboni, na familia zilisitasita. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wapasuaji wa St Mark's walianza kuondoa utumbo mpana na kuuunganisha utumbo mwembamba na rektamu, hivyo mtu akaweza kwenda haja kwa njia ya kawaida. Rektamu iliyobaki ilichunguzwa kila baada ya muda maalumu, na polipu mpya zikachomwa.

Hesabu za rejista, zilizochapishwa baadaye na Bussey mwaka 1975, zinaonyesha tofauti kubwa. Miongoni mwa waliofika kwa sababu ya dalili, karibu theluthi mbili walikuwa tayari na saratani. Miongoni mwa ndugu walioitwa kuchunguzwa, walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Kati ya kumbukumbu zote za nusu ya kwanza ya karne ya 20, ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa faida ya kutafuta ugonjwa huu kabla haujajitangaza.

Kustaafu na kifo

Dukes alistaafu St Mark's mwaka 1956. Mbali na utumbo, alikuwa ameandika kitabu cha uchunguzi wa mkojo na kushiriki kuainisha uvimbe wa kibofu. Alifariki tarehe 3 Februari 1977 akiwa na umri wa miaka 86.

Baada ya Dukes

Uainishaji wake ulipata umaarufu mkubwa hata ukaharibiwa na mafanikio yake. Nchini Marekani, John Kirklin na wenzake mwaka 1949, kisha Vernon Astler na Frederick Coller mwaka 1954, walibadili maana ya herufi bila kubadili herufi zenyewe. Mwaka 1967 Rupert Turnbull aliongeza kundi D kwa saratani iliyosambaa hadi viungo vya mbali kama ini. Matokeo yake, mgonjwa wa kundi A la Dukes mwenyewe aliweza kuitwa B1 katika hospitali nyingine, na wanafunzi wa udaktari walichanganyikiwa kwa miaka mingi. Siku hizi madaktari wengi hutumia mfumo wa TNM, unaotaja kina cha uvimbe, hali ya tezi na kusambaa mbali kila kimoja peke yake. Maswali mawili ya kwanza ya mfumo huo ndiyo aliyouliza Dukes.

Upande wa upimaji, mambo yalisubiri vifaa. Njia ya kutambua damu isiyoonekana kwa macho kwa kutumia utomvu wa mti wa guayaki ilijulikana tangu mwaka 1864. Mwaka 1967 daktari David Greegor wa Ohio, Marekani, alieleza jinsi watu wanavyoweza kupaka kinyesi kidogo kwenye kadi wakiwa nyumbani na kuipeleka ikapimwe. Wakati huohuo kolonoskopi, mrija unaopindika wenye uwezo wa kupita utumbo mpana wote, ulianza kutumika, na kuanzia mwaka 1969 William Wolff na Hiromi Shinya huko New York waliutumia kukata polipu bila kumpasua mtu tumbo.

Jaribio lililokata mzizi wa fitina lilifanyika Minnesota, Marekani, likihusisha watu 46,551 wenye umri wa miaka 50 hadi 80. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Waliopimwa damu kwenye kinyesi kila mwaka walikufa kwa saratani ya utumbo mpana na rektamu kwa theluthi moja pungufu kuliko wasiopimwa, na katika kundi hilo saratani nyingi zaidi ziligunduliwa zikiwa hazijavuka ukuta. Uingereza yenyewe ilianza mpango wa taifa wa kupima watu wazima mwaka 2006.

Jeni inayosababisha ugonjwa wa polipu nyingi, iitwayo APC, ilitambuliwa mwaka 1991 katika kromosomu ya 5. Tangu hapo kipimo cha damu kinaweza kuonyesha ni mtoto yupi wa familia hizo ameirithi na yupi hakuirithi, na asiyeirithi huondolewa kwenye uchunguzi wa mara kwa mara. Mwaka 1995 Hospitali ya St Mark's ilihama City Road kwenda Harrow, kaskazini-magharibi mwa London. Rejista iliyoanzishwa mwaka 1924 ilihama nayo, na bado inaandikisha familia.